Kabla ya kununua monita, uliza nukta zake

Mwenye duka la pembejeo anayetunza hesabu za mbolea, mbegu na madeni ya wakulima kwenye kompyuta hutazama kioo kutwa nzima. Kioo kikiwa hafifu, 3 husomeka kama 8, na kosa hilo moja laweza kumeza faida ya gunia zima.

Wauzaji wengi hutaja inchi tu. La kuuliza ni idadi ya nukta zinazounda picha. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ile ya 3840 kwa 2160, maarufu kama 4K, inazo mara nne ya hizo.

Nukta 1920 kwa 1080 zinatosha kwenye inchi 24. Zikitandazwa kwenye inchi 27, herufi hukosa ulaini. Kwa ukubwa huo, 2560 kwa 1440 hufaa zaidi, kwani safu nyingi za hesabu huonekana kwa pamoja. 4K huonyesha herufi safi kabisa, ila mara nyingi hulazimu kuzikuza ili zisomeke.

Tahadhari ni kwenye kompyuta yenyewe. Tundu la HDMI toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, hupitisha picha za 4K mara 30 tu kwa sekunde, na mshale huonekana ukirukaruka. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hufikisha mara 60.

Hivyo, mnunuzi aende dukani na kompyuta yake, aiunganishe na monita anayoitaka, afungue daftari lake la hesabu na kulisoma kabla ya kulipa.