Rubani Mpya Asianzie Juu ya Pori la Maswa

Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi na majangili wa tembo juu ya Pori la Akiba la Maswa, mkoani Simiyu. Risasi ilipenya sakafu ya helikopta. Licha ya jeraha lililokuja kumuua, aliishusha chini, na mwenzake akapona. Gower, mwenye miaka 37, alikuwa mhasibu London kabla ya urubani, na kabla ya kuruka Tanzania alikuwa amefundisha wengine kuruka. Jambo hilo la mwisho, kijana wa Nkololo, wilayani Bariadi mkoani humo, anayeutamani urubani wa helikopta alitazame kwa makini.

Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya biashara ya helikopta hudai saa 150 za kuruka, au 100 kwa aliyesoma kozi nzima iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa hudai 1,000. Rubani mpya hukwama hapo katikati: hapati kazi kwa kukosa saa, na hapati saa kwa kukosa kazi. Ushauri wangu ni kwamba aanze na ukufunzi. Mkufunzi hukaa na mwanafunzi ambaye mikono yake haijatulia, helikopta ikielea jirani kabisa na ardhi. Hurudia tena na tena kutua kana kwamba injini imezimika, na hujifunza kuliona kosa kabla halijawa ajali. Doria ya pori nayo huruka chini na polepole, macho yakisaka mizoga. Kosa likitokea hapo, hakuna kimo cha kulisahihishia.

Yupo atakayesema tembo hawasubiri. Kwa takwimu za serikali walipungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, kwa hiyo hoja yake ina uzito. Lakini helikopta iliyoangushwa na mikono michanga haimlindi tembo yeyote. Mwingine atasema pori hufundishwa na pori. Sawa, ila kijana alisome akiwa katika kiti cha pili, pembeni ya mzoefu. Pingamizi gumu zaidi ni fedha: pamba ya Bariadi hailipi ada ya saa hizo, na ukufunzi wenyewe, ingawa una ujira, huja baada ya ada kulipwa. Hapa juhudi za kijana peke yake hazitoshi. Jeshi la Polisi na taasisi za uhifadhi zenye helikopta zitenge kiti hicho cha pili kwa vijana wetu wenye leseni, na halmashauri za Simiyu ziwasomeshe wawili watatu.