Kifua Kikizidi, Dosie ya Zamani Ifunguliwe Tena

Siku moja mzee mmoja, mtumishi wa mine wa zamani, aliingia katika dispansari yetu akishikwa mkono na bibi yake. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Miaka mingi alitoboa mawe chini ya udongo, kisha akaenda pansioni. Mganga alikuwa amemwona na silikozi, naye akapewa rente ndogo. Nikamwuliza: «Baba, tangu kifua kianze kuzidi, umepeleka barua?» Akajibu: «Mwanangu, dosie yangu ilikwisha kufungwa.»

Jibu hilo nimelisikia kwa wazee wengi, nalo linawapotezea haki yao.

Vumbi la mawe yenye silika likifika ndani kabisa ya mapafu, halitoki. Mapafu hufanya makovu kulizunguka, na makovu hayo yanaweza kuendelea kukua hata kama mtu ameacha mine na sasa analima muhogo kijijini. Kwa hiyo kipimo cha ulemavu ulichopewa siku ya kutoka kazini ni kipimo cha siku ile. Ugonjwa ukizidi, unaweza kuomba upimwe upya. Ofisi ni ileile tuliyoizoea kwa jina la INSS, ambayo tangu 2018 inaitwa CNSS. Lakini ujue: kupima upya ni kupima kweli. Mganga akikuta hali imekuwa nzuri, rente inaweza kupunguzwa. Basi onana kwanza na mganga wako, akulinganishie picha ya mapafu ya zamani na ya sasa, akupulizishe katika chombo cha kupima pumzi, ndipo uandike.

Kuna jambo la pili ambalo watu wanalichanganya na la kwanza. Silikozi iliyozidi ni ugonjwa uleule. Kifua kikuu kikija juu yake, hilo ni jambo jipya, nalo liandikwe kwa jina lake. Mwenye silikozi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, hata miaka mingi baada ya kuacha vumbi. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1964, ambao Kongo iliukubali, unahesabu silikozi yenye kifua kikuu kati ya magonjwa ya kazi, ikiwa silikozi ndiyo sababu kubwa ya ulemavu au ya kifo. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Haitoshi mganga aandike «ana kifua kikuu». Mwombe aeleze kama silikozi ndiyo iliyofungua njia, na kwa nini anafikiri hivyo.

Masikio ni habari nyingine. Makelele ya mashine ya kutoboa na ya kuponda mawe huua masikio polepole, lakini kwa kawaida uharibifu huo hauendelei baada ya kuacha makelele. Ukileta ombi miaka kumi baada ya pansioni, mganga atauliza kama si uzee. Kwa sababu hiyo ninyi mlio kazini bado, ombeni kupimwa masikio kabla ya kutoka, na karatasi ikae nyumbani.

Katika dosie tia uamuzi wa zamani wa rente, maandishi ya mganga ya zamani na ya sasa, na orodha ya kazi zako: mwaka gani ulikuwa chini, mwaka gani kwenye mashine ya kuponda. «Nilitumika mine» haimwelezi mtu wa ofisini kitu. Toa nakala ya kila karatasi, na usiondoke bila muhuri wa kupokea wenye tarehe. Siku hiyohiyo uliza mwisho wa muda wa kila ombi.

Nimekuta pia wagonjwa wanaoacha dawa za kifua kikuu ili waonekane wagonjwa zaidi mbele ya mganga wa kupima. Huko ni kujiua, na ni kuwaambukiza watoto wa nyumba. Meza dawa mpaka mwisho. Makovu ya mapafu hayafutwi na dawa hizo, nayo picha itayaonyesha.

Mama, wewe nawe ujue dosie iko wapi. Bwana akifa kwa ugonjwa wa kazi, mjane na yatima wana haki yao, na makaratasi hayo ndiyo yatakayosema.

Yule mzee tulimpima makohozi kwanza. Hayakuwa na kifua kikuu. Picha yake ya zamani, bibi yake aliitoa chini ya godoro, imefungwa katika kitenge. Mganga alipoiweka karibu na mpya, hakuhitaji kueleza sana. Barua imekwisha kupigwa muhuri, nao wanangoja mwito wa kupimwa. Picha imerudi chini ya godoro.