Mji Unaoshuka

Katika matanga ya Nakivale, kwa Wakongo na hata kwa Warundi, si ajabu kusikia mbingu ikihubiriwa kwa lugha ya kambini. Marehemu amemaliza intavyuu zake, jina limetoka, amesafiri. Sisi tuliobaki tunangoja zamu.

Kwa mtu aliyekaa miaka kumi na mitano akisubiri simu ya UNHCR ya kuhamishiwa nchi nyingine, mfano huo unaingia akilini upesi kuliko somo lolote la seminari. Makazi haya ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mji wa Mbarara, yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliotangulia kupokelewa walikuwa Watutsi wa Rwanda. Wengi wao walirudi kwao baada ya 1994. Wakaja wengine, na leo Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, ndicho kinachosikika sokoni. Katika mahali pa namna hii safari ndiyo habari njema, na mhubiri anayejua wasikilizaji wake huitumia.

Shida ilijitokeza Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 nchi hiyo ilikuwa imewapokea watu zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote jingine. Ghafla mlango ukafungwa, hata kwa waliokwisha kupewa tarehe ya kuruka. Mhubiri aliyefananisha mbingu na ndege ya kwenda Amerika alijikuta na mfano uliokwama uwanjani.

Kwangu mimi niliyesomea teolojia, hata hivyo, mfano ule ulikuwa na kasoro hata ndege zilipokuwa zikiruka. Unawapeleka watu upande usio sahihi.

Tazama Agano Jipya linavyomalizika. Katika kurasa zake za mwisho hakuna anayepaa. Sura ya 21 ya Ufunuo inaonyesha Yerusalemu mpya ikishuka, na Mungu akihamia kwa watu. Aliyeona maono hayo alikuwa kisiwani Patmo, na mapokeo ya Kanisa yanasema alipelekwa huko kwa nguvu. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuota ndoto ya kuondoka, ni yeye.

Paulo naye anapowaandikia Wafilipi kwamba uraia wao uko mbinguni, sisi husikia kwamba huko ndiko tunakotakiwa kwenda. Wafilipi hawakusikia hivyo. Mji wao ulikuwa koloni la Roma, na askari wastaafu waliogawiwa mashamba hapo baada ya vita vya mwaka 42 K.K. hawakutazamiwa kurudi Roma. Walitakiwa kuishi Kirumi pale pale Makedonia. Kisha Paulo anaendelea: kutoka huko mbinguni tunamngoja Mwokozi aje aubadilishe mwili wetu. Anayesafiri ni Yeye. Ndiyo maana Kanuni ya Imani iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inaishia kwenye ufufuo wa wafu na ulimwengu ujao, bila neno lolote kuhusu roho kuruka.

Basi tuliyemzika jana yuko wapi leo? Hapo makanisa hayasemi kwa sauti moja. Papa Benedikto XII aliamua mwaka 1336 kwamba roho zilizotakaswa humwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Waadventista hufundisha kwamba wafu wamelala hadi parapanda ilie. Walokole wengi hushika ahadi ya Yesu kwa yule mhalifu msalabani. Kwa vyovyote, hakuna hata mmoja kati yao anayesema kaburi limeshamalizana na mwili.

Kukosea upande kuna historia katika Afrika Mashariki. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, alichapisha mwaka 1971 utafiti kuhusu jinsi Wakamba walivyopokea mafundisho ya mambo ya mwisho kutoka kwa wamisionari wa Africa Inland Mission. Aliona kwamba mji, nchi, hazina, moto, machozi, kula na kunywa, vyote vilichukuliwa kama vilivyo. Mbingu ikawa nchi ya mbali yenye kila kinachokosekana hapa, na Kristo akabaki kama mwenye kukata tiketi. (Maneno ya tiketi ni yangu, yeye alikuwa na adabu zaidi.) Mbiti alipingwa sana kwa nadharia yake kuhusu Mwafrika na wakati, na nadhani wapinzani wake walikuwa na hoja. Kwa hili la mbingu sijaona aliyemjibu vizuri.

Eneo letu hili limeona mwisho wa njia hiyo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wao, Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padre Dominic Kataribabo, walikuwa wametangaza kwamba dunia inakwisha. Watu walikuwa wameuza mali zao kwa bei ya kutupa. Baadaye miili mingine ilipatikana mashimoni, ikiwemo nyumbani kwa Kataribabo, Rugazi. Miaka 23 baadaye, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliofunga hadi kufa wakitaraji kukutana na Yesu.

Sisemi hotuba ya matanga Nakivale ni Kanungu. Mchungaji anayemfariji mjane hana kosa la jinai. Lakini kuna swali ambalo ningeyauliza mahubiri yote kuhusu mbingu: yanaufanyia nini mwili, na yanaifanyia nini ardhi? Paulo alikutana na tatizo hilo Thesalonike, ambako kulikuwa na tetesi kwamba siku ya Bwana imeshafika, na wengine wakaacha kazi. Aliwajibu kwa ukali: asiyetaka kufanya kazi asile.

Pale Mbarara jibu linaonekana kilimani Ruharo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo la Dayosisi ya Ankole liko hapo, na hapo hapo ipo hospitali ya misheni inayojulikana kwa matibabu ya macho. Kama mwili ni nguo kuukuu ya kuvuliwa, kwa nini Kanisa limtoe mtoto wa jicho bibi wa miaka sabini na mitano? Anayeamini kwamba macho hayo yatafufuliwa ana sababu ya kuyashughulikia leo.

Kwa matanga ya Nakivale ningechagua Isaya 65. Wataalamu wengi huihusisha sura hiyo na Wayahudi waliotoka uhamishoni Babeli. Inaahidi mbingu mpya na dunia mpya, kisha inashuka kwenye mambo ya shambani: watu watajenga nyumba wakae wenyewe, watapanda mizabibu wale matunda yake, na hakuna mwingine atakayekula walichokipanda. Isomwe mbele ya watu walioacha mashamba yao Masisi au Rutshuru, huko Kivu. Isomwe pia kwa wazee wanaokumbuka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa majumbani mwao hapa hapa Ankole na kusukumiwa Nakivale.

Mchungaji atakayeisoma kando ya kaburi ajiandae kwa maswali. Watataka kujua kama shamba hilo ni lile lile la Masisi au ni jingine. Wakorintho waliuliza vivyo hivyo kuhusu mwili, na Paulo akawajibu kwa habari ya mbegu: inayoota ni ile iliyozikwa, ila haifanani nayo. Kwa swali la shamba, ningeanzia hapo.