Disko matanga, chang'aa na ufunguo wa pikipiki

Ni Ijumaa jioni mjini Awendo. Kijana wako wa miaka 16 anakuomba ufunguo wa pikipiki aende matangani upande wa Dede. Unampa, maana kumzuia mtu asiwalilie wafu ni aibu. Mzazi mwenzangu, kabla hujampa, soma haya.

Serikali imepiga marufuku disko matanga mara nyingi, lakini bado zipo. Muziki hupigwa hadi alfajiri, na nyuma ya boma huuzwa chang'aa. Katika eneo hili la miwa, sukari nguru na molasi za kuipikia si vitu adimu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, lakini anayeuza kwa kikombe gizani haulizi kitambulisho.

Pombe huanza kwa kulegeza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuambia "ngoja, punguza mwendo". Kwa kijana sehemu hiyo haijakomaa. Huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Ndiyo sababu aliyekunywa kidogo tu hujiona dereva hodari. Kisha anaingia barabara kuu ya Rongo kwenda Migori, ambako matrekta ya miwa hutambaa usiku, mengine bila taa za nyuma. Mwenye akili timamu huliona trela dakika ya mwisho. Mlevi halioni.

Mmoja niliyemtibu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliniapia kuwa alikuwa amekunywa kahawa chungu ili alevuke kabla ya kupanda pikipiki. Alivunjika paja. Rafiki aliyembeba hakufika hospitalini akiwa hai.

Kahawa haimlevushi mtu. Wala maji baridi, wala supu. Humfanya tu mlevi awe macho. Kazi ya kuondoa pombe ni ya ini, nalo halina haraka: chupa moja ya bia ya nusu lita huhitaji kama saa mbili. Aliyeanza saa tatu usiku na kumaliza chupa tano bado ana pombe damuni saa kumi na mbili asubuhi, hata kama amelala kidogo. Kwa chang'aa hesabu hiyo haiwezekani, kwa kuwa hakuna ajuaye ukali wake.

Usimtegemee polisi. Alkoblo, kifaa cha kupima pumzi kilichoanza kutumiwa nchini Desemba 2013, hakingoji kijana kwenye kila njia ya vumbi. Ufunguo uko mfukoni mwako.

Mimi huwaambia wazazi hivi: aende matangani kwa miguu au na mtu mzima, arudi kabla ya giza. Na mkubaliane kwamba akinywa, au anayembeba akiwa amekunywa, atakupigia simu saa yoyote, nawe utamtuma boda boda unayemwamini. Usimgombeze usiku huo. Ugomvi ungoje kesho. Wako wanaonikasirikia wakidai naruhusu ulevi. Mimi naona afadhali kijana mwenye hofu ya kesho kuliko maiti. Ikiwa kunywa kumekuwa mazoea, piga 1192, nambari ya NACADA, haina malipo.

Je, akiletwa nyumbani hajitambui? Usimwache "alale pombe iishe". Mlaze kwa ubavu asisongwe na matapishi, na usimpe maziwa wala kahawa. Pombe hushusha sukari mwilini, hasa kwa aliyekunywa bila kula, na mtu anaweza kufa akikoroma. Akipumua polepole, ngozi ikiwa baridi au akikataa kuamka, mpeleke hospitali hata kama ni saa tisa usiku. Vilevile akiamka kesho yake akilalamika kwamba anaona ukungu. Hiyo ni dalili ya methanoli, na saa chache huamua iwapo ataona tena.