Njia ya Kwenda Pwani Isipotee

Tumezoea kuongea nanyi juu ya kuku, mbolea na maji ya kunywa. Safari hii twateremka pwani. Najua wako watakaosema, "Ufuo ni wa watalii na mahoteli, sisi yatuhusu nini?" Hapo ndipo tunapojikosesha.

Hebu teremka alfajiri maji yakiwa yamekupwa. Mchanga umelala bila alama ya mguu, kaa wanakimbilia mashimoni, akina mama wanachokoa pweza miambani, na mbali unaona tanga la mvuvi anayerudi. Mtu aliyelima wiki nzima akikaa chini ya mvinje kutazama hayo, si uvivu. Hata Zaburi ya 104, ikihesabu kazi za Mungu, haikuisahau bahari.

Na ufuo huo si wa kuombwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Maana yake, mchanga ule unaofunikwa na bahari maji yakijaa si wa hoteli wala wa mwenye nyumba kubwa iliyo juu yake. Askari wa lango hawezi kukuambia kwamba pale ni pa tajiri wake. (Hifadhi za bahari zina kanuni na ada zake, hizo tuziheshimu.)

Sasa shida iko wapi? Shida ni kufika. Ufuo ni wetu, lakini huwezi kuushukia kama ndege. Lazima upite njia, na njia hupita kati ya ploti za watu.

Twaijua njia moja ambayo wazee waliipita tangu utotoni. Kwanza watu walianza kutupa taka pale: chupa, nepi za watoto, maganda. Ikanuka. Wapitaji wakapungua, nyasi zikaota. Halafu siku moja ukasimama ukuta. Wanakijiji walipolalamika waliulizwa, "Njia gani? Hapa si palikuwa jaa?" Leo akina mama wauza samaki wanazunguka karibu saa nzima na ndoo kichwani. Tusilaumu ukuta peke yake. Njia ile tuliiua sisi kwanza kwa taka.

Kwa hivyo kikundi kikipanga kusafisha, kianzie kwenye njia ndipo kiteremke. Waoneni kwanza viongozi wa BMU, yaani chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kilichowekewa kanuni mwaka 2007. Chagueni siku ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa maana maji hukupwa mbali na taka hubaki kwenye mstari yalipofikia. Okoteni plastiki, nyavu zilizokatika na vioo. Mwani uacheni, si uchafu: wadudu wadogo huishi humo na ndege huwala. Plastiki msiichome, moshi wake ni sumu. Wala msiifukie, bahari itaifukua tu.

Angalieni pia kasa. Mayai yake hukaa mchangani kama miezi miwili, basi mkiona alama za mburuzo wake msichimbe wala kuwasha moto hapo. Kasa huyo huyo humeza mfuko wa plastiki akidhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na patapata bado zaja kila siku. Mafundi wa Lamu walizigeuza kuwa jahazi, Flipflopi, ambalo mwaka 2019 lilisafiri mpaka Unguja.

Nanyi wa bara msicheke. Kinachotupwa katika vijito vya Nairobi huingia mto Athi, ambao huitwa Galana halafu Sabaki, na kutokea baharini karibu na Malindi.

Njia ikishakuwa safi, pitieni kila wakati, hata kama hamna la kufanya huko chini. Kisha watu watatu wa kikundi waende ofisi ya ardhi ya kaunti kuomba kuiona ramani ya upimaji, kabla fundi hajaleta mawe. Kama njia imechorwa, chukueni nakala, mwonyesheni chifu na mwakilishi wa wadi. Kama haimo, waketisheni wazee walioitumia, andikeni maelezo yao, watie sahihi au kidole, na barua ipelekwe kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Mkienda, bebeni namba za ploti za pande zote mbili za njia. Bila namba hizo karani atapata taabu kuitafuta ramani, nanyi mtarudi nyumbani na nauli imekwisha.