Mdomo wa Bomba Angani

Anayeanika nguo mtaani Kiganjo mwezi wa Januari anazijua aina mbili za uchafu wa hewani. Vumbi la barabara ya marram, lori likilitifua, hutua dakika hiyo hiyo. Shati jeupe unalianua jekundu. Moshi wa jaa la Kang'oki hautui. Unaingia dirishani asubuhi, na jioni bado uko nawe puani. Tofauti ni ukubwa. Chembe ya vumbi la barabarani yaweza kufika maikromita 50, karibu na unene wa unywele. Ya moshi mara nyingi haifiki hata maikromita moja.

Kifaa cha kupima kikiwekwa juu ya paa kitahesabu chembe zinazopita hapo paani tu. Setilaiti nyingi zinauona utando wote wa moshi kutoka juu, ila ni shida kwazo kutambua kama moshi uko mita 200 au 2,000. Kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya kiko mita 3,678, na mlima hauhami. Ndipo ikabidi watu wapande ndege.

Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe-146 yenye injini nne iliyoruka mara ya kwanza 1981, ilikuwa Uganda ikifuatilia methani na moshi wa mioto ya nyika. Ndani yake, palipokuwa na viti vya abiria, pamejaa rafu za mitambo. Hewa ya nje huingizwa kwa mabomba yaliyochomoza ubavuni. Kuhesabu chembe si kazi ngumu: kila moja inapita mbele ya leza, inametameta, na mmeto ukizidi, ukubwa nao umezidi. Masizi hata huchomwa na leza mpaka yawake, na mwako huo ndio unaotaja uzito wake. Kazi, kwa maoni yangu, iko kwenye mdomo wa bomba.

Ndege hiyo ikiwa inapima huenda takriban mita 100 kwa sekunde. Bomba likivuta polepole kuliko hivyo, hewa nyingine hupinda ikapita kando. Chembe za moshi, kwa wepesi wake, hupinda nayo. Nzito hazipindi. Chukua pikipiki na lori la mawe ya Ndarugo, viingie kona moja kwa kasi moja: pikipiki itakata, lori litanyoosha hadi mtaroni. Hivyo vumbi zito hujitosa bombani ingawa hewa yake imeshapita kando, na hesabu inapanda bure. Bomba likivuta kwa pupa, mambo yanageuka: hewa ya pembeni inavutwa ndani, vumbi lake zito linabaki nje.

Si nadharia tu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchunguzi wa mabomba ya ndege hii hii: chembe kubwa zilikuwa zikiingia kupita idadi yake halisi.

Halafu kuna joto. Hewa inayosimamishwa ghafla kutoka kasi hiyo hupanda joto kama nyuzi 5, unyevu ukakauka, chembe ikasinyaa kabla haijafika kwenye leza. Kwa sababu hiyo vifaa vingine vya kupima vinaning'inizwa chini ya bawa, vikazihesabu chembe huko huko nje, bila bomba.

Basi ukiletewa takwimu za vumbi lililopimwa angani, uliza kwanza: bomba lilivuta kwa kasi gani?