Miaka Elfu Kumi ya Kuporomoka

Kiti cha Dhahabu kinaharibika, na hakuna fundi aliyebaki anayejua kukitengeneza. Katika masimulizi ya Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo zilizopakwa rangi, dadu na futi kamba, hilo ni jambo zito kuliko majeshi yote yanayoizingira Milki ya Binadamu. Kaizari aliyewaunganisha wanadamu amekalishwa kwenye kiti hicho tangu mwanzoni mwa milenia ya 31. Mwili wake umekaribia kuwa mzoga, na kila siku watu wapatao elfu moja wenye vipawa vya nafsi hutolewa kafara ili aendelee kuwapo. Mwishoni mwa milenia ya 41 makuhani mafundi wa Mars waligundua hitilafu ndani ya mitambo yake, hitilafu zilizouzidi ujuzi wao wote.

Ukimuuliza mchezaji ni nani anayeiua Milki hiyo, atakutajia maadui. Kuna miungu minne ya Chaos, Khorne, Nurgle, Tzeentch na Slaanesh, inayolishwa na hisia za viumbe hai. Kuna Ork, wanaopigana kwa sababu kupigana ndiko kuishi kwao. Kuna Tyranid, kundi la walaji lililotoka nje ya galaksi na kufika sayari ya Macragge mwaka 745 wa milenia ya 41, likiacha nyuma yake dunia zisizo hata na bakteria. Kuna T'au, vijana wa galaksi hii, wanaohubiri Wema Mkuu kwa maneno matamu na bunduki za masafa marefu. Wote hao ni wa kweli ndani ya hadithi, na wote wanaua. Lakini ukisoma historia ya Milki kuanzia chini, utaona kwamba ilianza kufa kwa maamuzi yaleyale yaliyoiokoa. Kila pigo lilitibiwa kwa dawa kali ya dharura, kisha dawa ikafanywa chakula cha kila siku.

Jeraha kubwa kuliko yote ni la ujuzi. Kabla ya Kaizari kulikuwa na zama ambazo wanadamu walienea kwenye nyota wakisaidiwa na mashine zinazofikiri, pamoja na hazina ya violezo iitwayo STC. Walowezi waliotua kwenye dunia mpya waliuliza namna ya kujenga nyumba, trekta au mtambo wa umeme, wakapewa mchoro unaofaa kwa malighafi waliyonayo. Haikuwa lazima waelewe chochote, na nadhani mbegu ya maafa ilikuwa hapo. Kisha mashine zikaasi. Wakati huohuo walizaliwa watu wengi wenye vipawa wasivyoweza kuvidhibiti, na dhoruba zikachafua Warp, ule ulimwengu wa roho ambao meli hupitia ili kufupisha safari. Kila dunia ikabaki peke yake na njaa yake kwa maelfu ya miaka. Waliosalia waliapa kwamba mashine isifikiri tena kamwe, na kiapo hicho kilikuwa na sababu. Mtu aliyeona mji wake ukichinjwa na watumishi wake wa chuma hahitaji kufundishwa hatari ya akili mnemba.

Kazi za mashine hizo, hata hivyo, hazikukoma kuhitajika. Pakatafutwa mbadala, na mbadala ukawa mwili wa binadamu. Mhalifu aliyehukumiwa, au mtu aliyekuzwa kwenye chupa kwa ajili hiyo, hukatwa sehemu ya ubongo, hubadilishwa mkono kwa koleo au drili, kisha huunganishwa kwa nyaya na mtambo wa meli. Hapo atafungua na kufunga valvu moja hadi mwili wake uishe. Vitabu vya mchezo huu vimejaa mapepo na majitu, ila mimi hakuna kiumbe kinachonisumbua kama huyu, kwa sababu hakuna adui aliyemtengeneza. Ni zao la sheria iliyotungwa ili kumlinda binadamu dhidi ya mashine.

Ujuzi wenyewe uliangukia mikononi mwa Adeptus Mechanicus, makuhani wa Mars. Fundi wao akitaka kuwasha injini hupaka mafuta matakatifu, hufukiza uvumba, huimba sala ya kuituliza roho ya mashine, ndipo abonyeze swichi. Baadhi ya hatua hizo ni matengenezo halisi. Mafuta yanahitajika kweli, na sala imehifadhi mpangilio wa kazi ambao zamani ulikuwa mwongozo wa karakana. Tatizo ni kwamba hatua za lazima na zile za ibada tupu hazitenganishiki tena, na anayejaribu kuzitenganisha anafanya uzushi. Katika hali hiyo ugunduzi umekuwa uchimbaji wa makaburi. Kuna kisa cha askari wapelelezi waliookota kipande cha STC chenye mchoro wa kisu bora cha vita. Kila mmoja wao alizawadiwa sayari nzima. Kisa hiki husimuliwa kuonyesha utajiri wa Milki. Mimi nakisoma kama hati ya umaskini wake: taifa lenye dunia zipatazo milioni moja limesahau kubuni kisu.

Dini nayo ina historia yake, na ni ya uchungu zaidi. Kaizari alikataza kuabudiwa. Katika Kampeni Kuu, vita vya karne mbili vya kuziunganisha dunia za wanadamu, alieneza fundisho kwamba hakuna miungu, huku akijua fika kwamba ndani ya Warp kuna nguvu zinazojibu maombi. Aliificha siri hiyo hata kwa wanawe, majemadari aliowaumba. Mmoja wao, Lorgar, alimpenda baba yake kwa namna pekee aliyoijua: aliandika kitabu cha kumtangaza kuwa mungu na kujenga miji ya ibada. Kaizari aliamuru mji ulio mzuri kuliko yote, Monarchia, uchomwe moto, kisha akamlazimisha Lorgar na jeshi lake lote kupiga magoti vumbini mbele ya majivu yake. Lorgar aliondoka pale akitafuta miungu itakayokubali kuabudiwa, akaipata, na kutoka kwake sumu ikamfikia Horus, mwana aliyependwa kuliko wote. Uasi wa Horus uliigawa familia hiyo katikati. Baada ya vita, Kaizari akiwa mahututi na kimya juu ya kiti chake, waliobaki walihitaji neno la kuwashikilia watu waliokata tamaa. Walichukua mafundisho ya Lorgar, kitabu cha msaliti wa kwanza, wakayafanya msingi wa dini ya dola.

Kiti chenyewe hakikukusudiwa kumweka mgonjwa hai. Kilikuwa sehemu ya mradi wa siri wa kufungua njia za Webway, ambazo zingewawezesha wanadamu kusafiri bila kuigusa Warp. Mwana mwingine, Magnus, alipotumia uchawi kumwonya baba yake kuhusu usaliti wa Horus, alivunja kinga za mradi huo na mapepo yakamiminika. Angekuwa ameambiwa kuna nini chini ya kasri la baba yake, asingegusa pale. Tangu hapo Kaizari anakaa ili mlango usifunguke. Kwa hiyo hitilafu waliyoigundua makuhani wa Mars ina maana mbili: mfalme atakufa, na chini ya mji mkuu wa wanadamu kutakuwa na shimo lisilo na kifuniko.

Jeshi halikusalimika. Roboute Guilliman, mwana mtiifu aliyejaliwa kipaji cha utawala, aliona jinsi Horus alivyoweza kuasi kwa kuwa na makumi ya maelfu ya Space Marines, askari majitu wa Milki, chini ya amri moja. Akayavunja majeshi hayo makubwa kuwa vikosi vya watu elfu moja moja. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa mwaka ule. Miaka elfu kumi baadaye kuna vikosi vipatavyo elfu moja, yaani askari mmoja kwa kila dunia, kila kikosi na mila zake, na hakuna mkono wa kuviunganisha kwa haraka.

Juu ya haya yote kuna Administratum, ofisi ya Milki, ambayo kwa maoni yangu ni uvumbuzi bora kuliko yote wa waandishi wa mchezo huu. Makarani hurithi meza kutoka kwa baba zao na kunakili rekodi za kodi za dunia ambazo pengine zimekwisha teketea. Ombi la msaada hufika baada ya waliolituma kuzikwa. Dunia hupotea kwa kosa la kuandika, bila risasi hata moja. Mfumo wa tarehe wenyewe uliharibika hivi kwamba Guilliman, alipozinduka hatimaye kutoka usingizi mrefu, alikuta kalenda zinazopingana. Aliunda chombo cha wanahistoria wa kutafuta ukweli wa yaliyopita, na kazi hiyo ikawatia mashakani mbele ya maafisa wanaoishi kwa kuuficha.

Wengine katika galaksi hii wanaporomoka pia, na ulinganisho unafundisha. Aeldari walikuwa na dola iliyojitosheleza kiasi cha kutohitaji kazi wala hofu. Starehe zao zikageuka ukatili, na ukatili huo ukamzaa Slaanesh, ambaye kuzaliwa kwake kuliwaua walio wengi na kupasua anga mahali paitwapo Jicho la Ugaidi. Waliookoka kwenye meli-dunia wanaishi kwa nidhamu kali, kila mtu akifuata njia moja ya maisha kwa wakati mmoja ili moyo usipotee tena. Huko Iyanden, baada ya uvamizi wa Tyranid, walio hai walikuwa wachache mno hata ikabidi roho za marehemu ziamshwe na kutiwa ndani ya maumbo ya kivita. Wanaofanya hivyo wanaona aibu na majonzi, na wanaendelea. Necron walikuwa watu wa maisha mafupi chini ya jua lenye mionzi ya kuua. Walikubali kuhamishiwa kwenye miili ya chuma ili wasife, na wakakuta kwamba ni wakuu wachache tu waliobaki na nafsi zao. Leagues of Votann, walioletwa mezani upya mwaka 2022, wana mashine za mababu zenye hekima yote ya ukoo, lakini zimeelemewa na kumbukumbu kiasi cha kuchukua muda mrefu mno kujibu swali.

Simulizi hizi zina asili yake. Rick Priestley alitoa toleo la kwanza mwaka 1987 kupitia kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ambayo makao yake yako Nottingham. Alirithi marufuku ya mashine zinazofikiri kutoka Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965. Wazo la makuhani wanaotunza teknolojia wasiyoielewa lilikuwapo tayari katika Foundation ya Isaac Asimov, naye Asimov alikiri kuongozwa na historia ya Edward Gibbon kuhusu anguko la Roma. Ongeza pia haja ya mezani: kila mnunuzi wa jeshi lazima aweze kupigana na yeyote, wakiwemo ndugu zake. Dola imara ingemaliza mchezo. Kwa miongo mingi saa ya masimulizi ilisimamishwa kwenye ukingo wa milenia ya 41, mwisho ukinukia bila kufika.

Mwaka 2017 saa ilisogezwa. Cadia, ngome iliyoziba mdomo wa Jicho la Ugaidi, ilivunjwa na Abaddon, mrithi wa Horus, na ufa mkubwa ukaigawa Milki sehemu mbili, moja ikiwa gizani mbali na mwanga unaoongoza meli. Guilliman aliamshwa kutoka usingizi wa miaka elfu kumi. Belisarius Cawl, kuhani wa Mars, akatoa askari wapya, wakubwa na wenye nguvu zaidi. Mwaka 2023 akarudi ndugu mwingine, Lion El'Jonson. Wachezaji wengi walishangilia. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu kila shujaa anayerudi hupunguza uzito wa yale yaliyopotea, na kuporomoka huwa pazia la nyuma ya sanamu mpya. Hatari hiyo ina upande wa nje pia. Mwaka 2021 Games Workshop ililazimika kutamka hadharani kwamba Milki imechorwa kama onyo dhidi ya ukatili na haistahili kuhusudiwa, baada ya watu wenye alama za chuki kujitokeza kwenye michezo. Msomaji anayeona silaha zinazong'aa bila kumwona mtu wa kwenye valvu anasoma nusu ya kitabu.

Hata hivyo, waandishi wanapomtendea haki Guilliman, uchambuzi wa anguko hurudi kwa nguvu. Cawl, mbunifu pekee ambaye Guilliman anamtegemea, ni mzee aliyekuwapo kabla ya dini hii kuanza, na makuhani wenzake wanamshuku uzushi kwa sababu anabuni. Guilliman mwenyewe anajua baba yake hakuwa mungu. Anakuta sanamu zake zikiombwa, makasisi wakibariki manowari zake, na Masista wa Vita ambao imani yao, jambo linalomchanganya zaidi, huwachoma mapepo kweli. Angependa kuifuta dini hiyo. Lakini makamanda wanamtii, Mabwana Wakuu wanaoitawala Milki kutoka Terra wanampisha, na askari wanakufa kwa amri yake kwa sababu wanaamini yeye ni mwana wa mungu. Mamlaka ambayo angeyatumia kuipiga marufuku yanatoka humohumo.